"Kila Mtu Abebe Msalaba Wake": Huu Msemo Tunautumia Vibaya

Kuna sentensi moja Wakenya tunaipenda sana. Mwanasiasa ameshikwa na kesi ya ufisadi, marafiki zake wa jana wanajifanya hawamjui: abebe msalaba wake. Jirani amefungiwa nyumba na landlodi: pole, lakini kila mtu na msalaba wake. Halafu kuna ile mbaya zaidi. Msichana ameolewa, bwana anampiga kila wikendi, anatoroka usiku na mtoto mgongoni hadi kwao. Asubuhi shangazi anamwekea chai, anamkalisha chini na kumwambia, "Mwanangu, vumilia tu. Ndoa ni hivyo. Huo ndio msalaba wako."

Hiyo ya mwisho ndiyo imenifanya niandike. Mimi ni Mkatoliki, nimekulia kwa jumuiya, najua Njia ya Msalaba kwa kichwa. Na nikiangalia historia ya hii ishara tunayoichora kifuani kila siku, naona tumeigeuza juu chini. Msalaba umekuwa kifaa cha kumwambia mtu anyamaze. Sasa ngoja nikupeleke nyuma kidogo, uone kama nasema ukweli.

Kwanza, msalaba ulikuwa nini?

Sahau ile ya dhahabu shingoni. Sahau rozari inayoning'inia kwa kioo cha matatu. Kabla ya Yesu, na wakati wake, msalaba ulikuwa mashine ya serikali ya kuua watu polepole, mbele za watu, ili wengine waone na waogope. Warumi hawakuibuni wao, walirithi kwa mataifa mengine, lakini waliifanya iwe desturi. Raia wa Roma kwa kawaida hakutundikwa. Msalaba ulikuwa wa watumwa, majambazi, na yeyote aliyethubutu kuinua kichwa dhidi ya dola.

Mwaka wa 71 kabla ya Kristo, baada ya kuzima uasi wa watumwa ulioongozwa na Spartacus, Warumi walitundika watu 6,000 kando ya barabara ya Via Appia, kutoka Capua hadi Roma. Hebu fikiria umetoka Nairobi unaenda mbali, na njia nzima kila baada ya hatua kadhaa kuna mtu amening'inia. Hayo hayakuwa mauaji tu. Ilikuwa bango kubwa la serikali: ukijaribu, utaishia hapa.

Palestina nayo ilionja. Mwanahistoria Myahudi Josephus anaandika kwamba baada ya Herode Mkuu kufa, mwaka wa 4 kabla ya Kristo, Wayahudi waliasi, na gavana Varus akawatundika kama 2,000. Yesu alikuwa bado mtoto mdogo. Kwa hivyo aliposema mtu akitaka kumfuata auchukue msalaba wake, waliomsikiliza hawakufikiria shida ndogo ndogo za maisha, ati mama mkwe msumbufu ama bosi mkali. Walikuwa wameona misalaba kwa macho. Walijua mtu anayebeba msalaba ni mtu ambaye serikali imeamua kummaliza.

Mwaka wa 1968 wachimbaji waliokuwa wakijenga kaskazini mwa Yerusalemu walikuta makaburi ya kale. Ndani ya sanduku moja la mawe mlikuwa na mifupa ya mwanamume aliyeitwa Yohanan, na kwa kisigino chake bado kulikuwa na msumari wa chuma wenye urefu wa zaidi ya sentimita 11. Ncha ilikuwa imepinda, ndiyo maana walishindwa kuung'oa walipomshusha. Hakuna mahubiri yanayonigusa kama huo msumari.

Na Kiswahili chenyewe kinakumbuka. Msalaba na sulubu ni ndugu, yote yametoka kwa Kiarabu. Kusulubisha ni kumtundika mtu. Na bado tunasema kazi ya sulubu, ile ya mjengo, ya kubeba mawe na kuchimba mtaro hadi mgongo unalia. Lugha yetu haikuufanya msalaba kuwa pambo. Iliuweka palepale na mwili uliochoka.

Wakristo wa kwanza waliuonea haya

Hii wengi hawaijui. Kwa karne tatu za mwanzo, Wakristo hawakuwa na mazoea ya kumchora Yesu msalabani. Nenda kwa makaburi ya chini ya ardhi kule Roma, utakuta wamechora samaki, nanga, mchungaji amebeba kondoo mabegani. Mtu aliyetundikwa, karibu hakuna. Unaweza kuelewa. Ungekuwa ndugu yako amenyongwa hadharani kama mhalifu, ungetundika picha ya kitanzi sebuleni?

Na maadui wao walijua hapo ndipo pa kuwachomea. Moja ya picha za zamani zaidi tulizo nazo za Yesu msalabani ilichorwa na mtu aliyekuwa anawacheka. Iko kwenye lipu ya ukuta wa jengo moja la kilima cha Palatine, Roma, iliyochimbuliwa mwaka wa 1857. Inaonyesha mtu mwenye kichwa cha punda ametundikwa, na kijana amesimama chini ameinua mkono. Maandishi ya Kigiriki yanasema kwamba Alexamenos anamwabudu mungu wake. Yaani hii ilikuwa mimi ya enzi hizo. Kuna mtu aliitwa Alexamenos, labda mtumishi ama mwanafunzi hapo, na wenzake walimchorea hiyo kitu ukutani kila mtu aone. Miaka karibu 1,800 baadaye, aliyechora hajulikani jina. Anayejulikana ni Alexamenos.

Lakini hata walipokuwa hawauchori kwa ukuta, walikuwa wanauchora kwa miili yao. Tertullian, Mwafrika wa Carthage, pale Tunisia ya leo, aliandika mwanzoni mwa karne ya tatu kwamba Wakristo walikuwa wanajichora ishara kwenye paji la uso wakiingia, wakitoka, wakivaa viatu, wakioga, wakikaa mezani. Kwa hivyo shosho wako akijifunika msalaba kabla ya kukata ugali, hajabuni. Anafanya kitu ambacho Waafrika wa kaskazini walifanya karne kumi na nane zilizopita, wakati ambapo kujulikana kuwa Mkristo kungeweza kukuua.

Ulipoingia ikulu, mambo yalibadilika

Mwaka wa 312 Konstantino alishinda vita kwenye daraja la Milvia nje ya Roma, akaamini kwamba Kristo ndiye aliyempa ushindi. Mwaka uliofuata Wakristo wakaruhusiwa kuabudu bila kusumbuliwa. Mama yake, Helena, akasafiri hadi Nchi Takatifu, na mapokeo ya Kanisa yanasema ndiye aliyeupata msalaba wenyewe. Kanisa kubwa likajengwa pale Yerusalemu na kutabarukiwa mwaka wa 335, na ndiyo sababu hadi leo Wakatoliki tunaadhimisha sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba tarehe 14 Septemba.

Mwanamke mmoja msafiri aliyeitwa Egeria alifika Yerusalemu miaka ya 380 na kuandika alichoona Ijumaa Kuu. Askofu ameketi, ameshika mti wa msalaba kwa mikono miwili, watu wanapita mmoja mmoja, wanainama, wanaubusu. Mashemasi wamesimama pande zote wakilinda. Kwa nini walinde? Kwa sababu, anasema Egeria, kuna mtu aliwahi kuubusu na kuung'ata, akaondoka na kipande mdomoni. Binadamu ni yule yule!

Waandishi wa kale wanasema Konstantino alikomesha adhabu ya kusulubisha. Na ukiangalia, ni baada ya watu kusahau jinsi misalaba ya kweli ilivyokuwa ndipo walipoanza kuichora bila uoga. Milango ya mbao ya kanisa la Santa Sabina, Roma, iliyochongwa kama mwaka wa 430, ina mojawapo ya picha za kwanza za hadharani za Yesu kati ya wezi wawili.

Hapa ndipo naomba utulie. Ishara ya mtu aliyeuawa na dola ilipoingia mikononi mwa dola, ilipata maana mbili zinazopigana, na hazijaacha kupigana hadi leo.

Upande mmoja, msalaba ukawa bendera ya wenye nguvu. Mwaka wa 1095 Papa Urban wa Pili aliwaita wapiganaji waende Yerusalemu, nao wakashonea misalaba ya kitambaa kwa nguo zao. Walipoiteka Yerusalemu mwaka wa 1099, waliwachinja Waislamu na Wayahudi. Mwaka wa 1204, wenzao waliovaa msalaba ule ule waliuvamia Konstantinopoli, mji wa Wakristo wenzao, na kuupora. Siwezi kulizunguka hilo. Mkatoliki anayejua historia lazima aweze kuitaja bila kukohoa.

Upande wa pili, msalaba ukabaki kwa wagonjwa na maskini. Mfano ninaoupenda ni ule mchoro wa Matthias Grünewald, wa kati ya 1512 na 1516, ambao siku hizi uko mji wa Colmar, Ufaransa. Ulichorewa monasteri ya Isenheim, ambayo watawa wake walihudumia watu wenye ugonjwa wa kutisha uliotokana na nafaka iliyooza: ngozi inawaka kama moto, vidole vinakufa, mikono na miguu inakatwa. Grünewald alimchora Yesu msalabani akiwa na ngozi iliyojaa vidonda. Mgonjwa aliyeletwa mbele ya ule mchoro hakuambiwa "vumilia." Alionyeshwa Mungu mwenye ngozi kama yake. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa.

Msalaba ulifikaje kwetu?

Ukienda Malindi, kando ya bahari utakuta nguzo nyeupe yenye msalaba juu, na nembo ya Ureno. Ni ya Vasco da Gama, aliyefika hapo mwaka wa 1498. Watalii wanapiga selfi hapo. Lakini jiulize nguzo kama hiyo ilikuwa inasema nini. Wareno waliziweka pwani za Afrika kuonyesha wamefika, na kwamba mfalme wao ana lake la kusema hapo. Msalaba wa kwanza wengi wa pwani yetu kuuona ulikuja na meli za mizinga. Kufikia 1593 walikuwa wanaanza kujenga ngome kule Mombasa, na wakaipa jina la Yesu.

Halafu kuna hadithi ya Yusuf bin Hasan, ambayo ingekuwa filamu tungekuwa tunajipenda. Baba yake, Sultani Hasan, aligombana na Wareno na akauawa mwaka wa 1614. Kijana akapelekwa Goa, India, akalelewa na mapadri Waagustino, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, kisha akarudishwa Mombasa kuwa mfalme chini ya Wareno. Agosti 1631 alimuua kapteni wa Fort Jesus, akarudi kwa Uislamu, akawataka Wakristo wa mji waikane imani yao. Waliokataa waliuawa, Wareno na Waafrika pia.

Ukiisoma hii ukiwa na haraka utachagua upande. Mimi nikiisoma naona msalaba mara mbili. Nauona kwa wale waliokufa wakikataa kuikana imani, hata yule mama Mwafrika ambaye hakuwa na ngome wala mzinga. Na nauona pia kwa mtoto wa miaka michache ambaye baba yake aliuawa na watu waliobeba msalaba kwa bendera, kisha wakamfundisha kuubusu.

Wamisionari wa karne ya kumi na tisa na ya ishirini nao waliingia wakati ukoloni unaingia, na hiyo kesi bado inajadiliwa. Lakini kuna watu ambao maisha yao yanajibu vizuri kuliko hoja. Sista Irene Stefani, Mkonsolata kutoka Italia, alifika Kenya mwaka wa 1915. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alihudumu kwa hospitali za makaria, wale Waafrika waliolazimishwa kubebea jeshi la Waingereza mizigo, wakafa kwa maelfu kwa maradhi na njaa. Mabega ya watu wetu yalikuwa yamebebeshwa mzigo wa vita visivyo vyao, na huyu dada alikuwa anawaosha vidonda. Baadaye akaenda Gikondi, Nyeri, watu wakamwita Nyaatha, mama wa huruma. Mwaka wa 1930 alimuuguza mgonjwa wa tauni, akaambukizwa, akafa tarehe 31 Oktoba akiwa na miaka 39. Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa mwenye heri pale Nyeri mbele ya umati mkubwa.

Na kuna Padri John Kaiser, Mmarekani wa shirika la Mill Hill, aliyekuja Kenya mwaka wa 1964. Miaka ya tisini, wakati wa vita vya kikabila Bonde la Ufa, aliishi na wakimbizi wa kambi ya Maela, akaandika yaliyowapata, na akaenda mbele ya Tume ya Akiwumi akataja majina ya wakubwa. Agosti 2000 alikutwa amekufa kwa risasi kando ya barabara karibu na Naivasha. Wapelelezi wa FBI walisema alijiua. Mwaka wa 2007 uchunguzi wa mahakama hapa Kenya ukasema aliuawa. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa.

Sasa niambie: Irene na Kaiser walibeba msalaba gani? Si ule wa kukaa kimya. Hakuna aliyewawekea chai na kuwaambia wavumilie. Irene angeweza kukaa mbali na mgonjwa wa tauni. Kaiser angeweza kusoma Misa na kurudi nyumbani. Msalaba wao ulikuwa gharama ya kumpenda mtu ambaye wengine wamemwacha.

Kwa hivyo maana yake ni nini?

Kwa imani ya Kikatoliki, msalaba si maumivu kwa sababu ya maumivu. Mungu hafurahii mtu akiumia. Kinachookoa ni upendo, upendo ambao haukukimbia hata ulipotishwa na ile mashine mbaya zaidi ya wakati ule. Ndiyo maana tunauweka kila mahali ambapo mtu anaweza kuhisi ameachwa peke yake. Siku ya ubatizo, padri, wazazi na wasimamizi wanamchora mtoto msalaba kwa paji. Jumatano ya Majivu, unachorwa tena, ukumbushwe wewe ni mavumbi. Na siku ya mazishi, kijana wa familia anatangulia mbele ya jeneza amebeba msalaba wa mbao wenye jina na tarehe mbili. Umewahi kuangalia vizuri? Marehemu hawezi kuubeba. Anabebewa.

Na hapo ndipo ule msemo wetu unaanguka. Kwa vituo 14 vya Njia ya Msalaba, idadi ambayo Papa Clement wa Kumi na Mbili aliithibitisha mwaka wa 1731, kituo cha tano ni cha Simoni wa Kirene. Kirene iko Libya ya leo. Mtu ametoka bara letu, anapita zake akitoka shamba, askari wanamshika kwa nguvu na kumtwika msalaba wa mtu asiyemjua. Injili tatu zinamtaja. Yaani hata Yesu mwenyewe hakuachiwa aambiwe "kila mtu abebe wake." Kituo kinachofuata ni cha Veronika, anampangusa uso. Kanisa lingetaka kutufundisha kuachana na mtu na shida zake, lisingeweka hao wawili katikati ya njia.

Mimi mwenyewe nilipotoka chuo kwa kukosa karo, niliambiwa mara kadhaa huo ndio msalaba wangu. Hapana. Hiyo ilikuwa karo. Karo inachangiwa, inajadiliwa, inadaiwa serikali. Ukiiita msalaba, kila mtu anaenda nyumbani akiwa na amani na wewe unabaki na deni.

Na kwa yule msichana aliyerudi kwao usiku, ngoja niseme kitu ambacho shangazi pengine hakijui. Sheria ya Kanisa ya mwaka wa 1983, kanuni ya 1153, inasema mwenzi akimweka mwenzake ama watoto kwenye hatari kubwa ya mwili au ya roho, huyo mwenzake ana sababu halali ya kuondoka. Kwa kawaida askofu ndiye anayeamua, lakini hatari ikiwa ya haraka, anaweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Hajavunja ndoa, hajakosea Mungu, hajautupa msalaba wowote. Ngumi ya mume si msalaba. Kwa hiyo hadithi, mume ndiye askari wa Roma.

Kuna mateso ambayo hatuyachagui na hayaondoki: saratani, kifo cha mtoto, uzee. Hayo Mkatoliki anayaweka kwa mikono ya Kristo na kusema tuko pamoja, na nimeona watu wakifanya hivyo kwa heshima ambayo siwezi kuieleza. Lakini kuna mateso ambayo mtu ameyatengeneza na anafaidika nayo. Hayo dawa yake si uvumilivu.

Kwa hivyo siku nyingine ukisikia mtu anaambiwa abebe msalaba wake, usiitikie amina haraka. Uliza mambo mawili. Ni nani aliyeuchonga huo msalaba? Na kama hauwezi kuepukika, Simoni wake ni nani? Pengine askari hawajakushika bado, lakini wewe ndiye unayepita hapo ukitoka shamba.